Msee Aliyebeba Darubini ya Mbuyu Wake Mpaka Afrika, Gazeti Likamtungia Stori za Jaba Kuhusu Watu wa Mwezini

Ile siku stima inapotea Kitengela usiku, usikimbilie kuwasha tochi ya simu. Toka nje kwanza. Upande wa Nairobi hautaona kitu, mataa ya jiji yamemeza anga yote. Geuka upande wa Namanga, kusini. Huko ndiko nyota ziko. Na kama una rafiki Isinya au ndani zaidi Kajiado, mtembelee siku mwezi haupo, utashangaa.

Huo upande wa kusini una stori, na leo nakupea ya msee mmoja aliyeacha kejani kwake Uingereza, akapakia bibi, watoi watatu na darubini ndefu kuliko matatu ya 14, akasafiri miezi miwili kwa meli kuja Afrika kuuangalia tu. Hakutumwa na serikali. Alitumia doo yake. Na akiwa huku, gazeti moja la New York likamtungia uongo mkubwa hivi kwamba mpaka leo kuna watu wanalijua jina lake kwa sababu ya ule uongo, si kwa sababu ya kazi.

Jina lake John Herschel. Alizaliwa Machi 7, 1792, Slough, karibu na London, na hapo nyumbani ilikuwa ni darubini tupu. Mbuyu wake, William, alikuwa mpiga muziki kutoka Hanover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza, akaanza kujitengenezea darubini kama hobi, na 1781 akagundua sayari ya Uranus. Hivyo ndivyo mpiga muziki aliomoka. Shangazi, Caroline, alikuwa mwanasayansi pia, mwenye kometi zake alizozigundua. Sasa fikiria wewe ni mtoto wa pekee kwa nyumba kama hiyo. Uani kuna bomba la darubini la futi 40 limeshikiliwa na mbao na kamba kama mjengo wa ghorofa tatu, na wageni wanakuja kulishangaa.

John alikuwa kichwa. Alimaliza Cambridge 1813 akiwa namba moja kwa hisabati. Akajaribu kusomea sheria, ikamshinda hamu. Mwaka wa 1816 mbuyu alikuwa mzee, mikono haina nguvu tena, na zile darubini zilikuwa zinahitaji mtu. John akarudi nyumbani kuwa fundi wa baba yake.

Hapo ndipo stori inakuwa tamu, kwa hivyo kaa hapo.

Kioo cha darubini za Herschel hakikuwa glasi kama kile unajiangalia nacho asubuhi, wala kama vile vioo vya rangi Kitengela yetu inajulikana navyo. Kilikuwa madini matupu: shaba ikiyeyushwa pamoja na bati, ikamiminwa kwenye kalibu, ikapoa polepole, halafu ikasuguliwa mpaka uso wake ukawa bonde dogo laini linalokusanya mwanga wa nyota pahali pamoja. Kile cha darubini ya futi 20 kilikuwa na upana wa sentimita kama 46. Ni sinia la nyama choma hilo, ila zito ajabu.

Shida ya shaba unaijua. Inafifia. Hata kikiwa kipya, kioo cha aina hiyo kinarudisha karibu thuluthi mbili tu za mwanga unaokipiga. Kikikaa kwa unyevu wa usiku wiki kadhaa, kinaanza kuwa na rangi ya chai. Nyota hafifu zinapotea moja moja. Hujaharibu chochote, hujaangusha chochote, lakini darubini inakufa polepole ukiiangalia.

Kama umeweka sola kwa paa huku kwetu, unajua jinsi vumbi linavyokula stima yako. Lakini sola unapanda na ndoo na kitambaa, dakika kumi umemaliza. Herschel hakuwa na hiyo bahati. Weusi wa kioo chake haukuwa vumbi lililokaa juu. Ni madini yenyewe yamegeuka. Kuutoa lazima ukwangue uso, na ukikwangua uso unagusa umbo, na umbo ndilo darubini. Ukikosea kwa kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, nyota haiji kama nukta tena, inakuja kama madoadoa. Manze, kila usafi ulikuwa ni sawa na kukitengeneza kioo upya.

Kazi yenyewe ilienda hivi. Unatengeneza bamba lenye umbo linalolingana na kioo, unalipaka lami, unaikata hiyo lami mifereji kama chokoleti. Unaweka maji na unga mwekundu wa kutu ya chuma. Halafu unasugua. Unazungusha, unasukuma, unavuta, masaa na masaa. Lami ikipata joto inalainika na kubadilisha umbo, ikipoa inakuwa ngumu na kukwaruza. Unasimama, unakipima kioo, unarudi. Hakuna kitabu kingekufundisha hiyo kitu, ilikuwa siri ya mikono, na mikono iliyoijua vizuri kabisa duniani ilikuwa ya mzee William. John aliipokea kutoka kwake moja kwa moja.

Mwaka wa 1820, mzee akiwa na miaka 81, wawili hao waliijenga upya darubini ya futi 20. Ya zamani ilikuwa imechoka. Mzee akielekeza, kijana akifanya. Miaka miwili baadaye, Agosti 1822, William akafariki.

Mbona si ile ya futi 40, unauliza? Swali fiti. Mfalme George wa Tatu alitoa pauni 4,000 ili ijengwe, na ilikuwa kubwa kuliko zote duniani wakati huo, kioo cha upana wa mita 1.2 na uzito wa karibu tani nzima. Lakini tani nzima ya shaba na bati inafifia vilevile, na kuitoa, kuing'arisha na kuirudisha ilikuwa vita. Maoni yangu ni kwamba mfalme alinunua kiki. Kazi ya kweli ilifanywa na ile ndogo, kwa sababu mtu mmoja angeweza kuitunza.

Na ile ndogo ndiyo John aliifanyia kazi. Alipitia tena anga yote aliyoiona babake, na 1833 akachapisha orodha ya nebula na makundi ya nyota zaidi ya 2,300. Basi akabaki na shida moja tu. Dunia ni mviringo. Ukiwa Uingereza, kuna kipande kikubwa cha anga ya kusini ambacho hakichomozi kamwe, ungoje mpaka uzeeke. Mzee William hakuwahi kukiona. Mamake John alipofariki 1832, hakuna kitu kilikuwa kinamshikilia tena. Serikali ilikuwa tayari kumsaidia na safari, akakataa. Novemba 13, 1833, familia ikaingia meli Portsmouth.

Sasa hebu angalia alichopakia. Darubini ya futi 20 imevunjwavunjwa vipande. Nyingine ndogo ya lenzi. Vifaa vyote vya kung'arishia. Fundi mmoja wa kumsaidia. Na vioo vitatu. Kimoja kilitengenezwa na mbuyu wake. Cha pili alikitengeneza yeye, mbuyu akiwa pembeni akimwelekeza. Cha tatu alijitengenezea mwenyewe, mbuyu akiwa ameshaenda. Vitatu, kwa sababu alijua kimoja kikiwa kazini kingine lazima kiwe karakana, na kwa sababu akiharibu huko anakoenda, hakuna duka la kununua kingine. Msaada wa karibu uko miezi miwili baharini.

Walifika Cape Town katikati ya Januari 1834 na kukaa mahali panaitwa Feldhausen, Claremont ya leo, chini ya Mlima wa Meza upande wa mashariki, kwenye miti inayokinga ule upepo mkali wa kusini-mashariki. Kufikia Machi darubini ilikuwa imesimama.

Usifikirie alikuwa anakaa chini kwa kiti na kuchungulia. Mtu alikuwa anapanda ngazi mpaka mdomo wa bomba, juu kabisa, anasimama kwa kijukwaa gizani, anaangalia chini ndani ya bomba. Mgongo ameupa anga! Nyota anazozitazama ziko nyuma yake. Chini kuna msaidizi anayevuta na kulegeza kamba, bomba linapanda na kushuka polepole, na anga yenyewe inajisogeza kwa sababu dunia inazunguka. Kila kitu kinachopita anataja, anapima, anaandika. Usiku mmoja baada ya mwingine, miaka minne.

Na Afrika haikumhurumia. Kule Uingereza vioo vilikuwa vinafifia, lakini Cape vilififia haraka zaidi, na akajikuta anang'arisha mara nyingi kuliko alivyozoea nyumbani. Wakati wa kiangazi joto la mchana lilikuwa linabaki ndani ya bomba na ardhini, usiku nyota zinacheza kama sarafu chini ya maji. Alijifunza kwamba usiku mzuri kabisa ni ule wa miezi ya baridi, baada ya mvua kusafisha hewa. Basi mpango ukawa huo: usiku mbaya, karakana. Usiku mzuri, juu kwa jukwaa. Jamaa mwenye akili ya hisabati kuliko karibu kila mtu Uingereza, mikono myekundu kwa unga wa kutu, anasugua sinia la shaba.

Akiwa katikati ya hiyo jasho ndipo New York wakamfanyia kitu.

Agosti 25, 1835, gazeti la The Sun, lililokuwa linauzwa senti moja, lilianza kuchapisha mfululizo wa makala sita. Zilidai kwamba Herschel huko Afrika ana darubini mpya ya ajabu, lenzi ya upana wa futi 24, uzito wa karibu tani 7, inayokuza vitu mara 42,000. Na kwamba ameuangalia mwezi akaona nini? Misitu. Nyati wadogo. Mbuzi mwenye pembe moja. Wanyama wa majini wanaotembea kwa miguu miwili wakibeba watoto mikononi. Halafu, siku chache ndani ya stori, watu. Watu wenye mabawa ya popo, wamekaa wanapiga stori kando ya mto.

Watu wa New York walimeza yote. Magazeti mengine yakaiba stori na kuichapisha. Na nani angewakosoa? Hakukuwa na simu, hakukuwa na telegrafu ya kuvuka bahari, na mhusika mwenyewe alikuwa miezi mbali kwa meli. Mwandishi anayesemekana kuitunga anaitwa Richard Adams Locke. Gazeti halikuwahi kuomba msamaha, na mauzo yalikuwa mazuri sana, asante. Sisi wa kazi hii ya kuandika mtandaoni tusijifanye tunashangaa.

Kitu kinanichekesha ni vile waliimaliza. Walisema eti wanasayansi walisahau ile lenzi ikiwa imeelekea jua, ikachoma jengo. Yaani hata muongo alijua darubini bila mtu wa kuiangalia haifiki mbali.

Habari zilipomfikia Herschel miezi baadaye, mwanzo alicheka. Halafu barua zikaanza. Watu kutoka nchi mbalimbali wakimuuliza kuhusu wale wa mabawa, na kila barua ilitaka jibu. Kicheko kikaisha.

Wakati huo alikuwa na ya kweli ya kuonyesha. Mwishoni mwa 1835 na mwanzoni mwa 1836 alifuatilia kometi ya Halley, ile inayorudi kila baada ya miaka kama 76. Juni 1836 kijana mmoja aliyekuwa anazunguka dunia kwa meli ya Beagle alipita hapo Cape akala naye chakula cha jioni. Kijana huyo ni Charles Darwin. Na Desemba 16, 1837, Herschel akiangalia eneo alilolijua vizuri, aliona nyota Eta Carinae imewaka ghafla kuliko alivyoizoea. Leo tunajua nyota hiyo ilikuwa kwenye mlipuko mkubwa wa miaka mingi, na rekodi zake za mwangaza bado ni muhimu kwa wanaoichunguza. Hebu jiulize: kama kioo chake kingekuwa kinafifia na kung'aa ovyo, angejuaje kama ni nyota imebadilika au ni shaba?

Nisikufiche kitu kimoja. Cape aliyoishi Herschel ilikuwa koloni. Utumwa ulifutwa rasmi huko Desemba 1, 1834, yeye akiwepo, na hata baada ya hapo waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kutumikia mabwana zao mpaka 1838. Kwenye stori za kusifu sayansi ya Feldhausen hiyo sehemu hurukwa haraka. Mimi naiweka hapa, tuendelee.

Nyumbani hakukuwa na uvivu pia. Margaret, bibi yake, walikuwa wanachora maua ya Cape pamoja. Yeye John anachora mistari kwa kifaa chenye kioo cha pembetatu, Margaret anatia rangi, na michoro ilizidi 100. Walikuja na watoto watatu wakarudi na sita. Mmoja wa wale waliobebwa kwa meli akiwa mtoi mchanga, William James, alikua akaenda kufanya kazi India, na 1858 akaanza kuwapigisha watu alama za mikono na vidole kwenye mikataba. Siku ingine ukienda kutoa alama za vidole upate kitambulisho, huyo ni mmoja wa walioanzisha hiyo maneno.

Waliondoka Cape Machi 1838. Herschel alikuwa na nebula na makundi ya nyota 1,707 kwenye madaftari yake, nyota pacha 2,102, na alikuwa amehesabu nyota 68,948 kwa maeneo aliyoyachagua angani. Kupanga hizo hesabu kulimchukua miaka tisa, kitabu kikatoka 1847. Shangazi Caroline, aliyekuwa amempangia orodha za kumwongoza zamani alipokuwa anapitia anga ya kaskazini, alikuwa bado hai. Akafa Januari 1848 akiwa na miaka 97.

Na unajua Herschel alifanya nini na darubini baada ya kurudi? Hakuna. Hakufanya tena utafiti wa anga kwa ile futi 20. Kazi ilikuwa imeisha.

Akageukia picha. Yeye ndiye aliyegundua, tangu 1819, kemikali inayozuia picha isiendelee kuungua na kupotea, na 1842 akatoa njia ya kuchapa picha ya bluu kwa kutumia jua. Ile ramani ya bluu yenye mistari myeupe ambayo mafundi wa mjengo walitumia miaka mingi ilitoka hapo. Kitengela nzima hii, na maploti yote haya, ingekuwepo zamani, ramani zake zingekuwa za rangi ya Herschel.

Kuna picha moja aliipiga 1839 kwenye kipande cha glasi. Ni mbao za ile darubini ya futi 40, zimeoza, karibu kubomolewa. Mwisho wa mwaka huo aliikusanya familia ndani ya lile bomba refu, wakaimba wimbo wa kuiaga aliotunga yeye mwenyewe. Halafu bomba likalazwa chini kwa bustani, na ndani yake akafungia vifaa vya babake vya kung'arishia vioo. Baadaye mti ukaangukia. Kipande chake kiko Greenwich.

Alifariki Mei 11, 1871, akazikwa Westminster Abbey, karibu na Newton. Kufikia hapo mafundi wa vioo walikuwa wamepata ujanja uliomkosa maisha yake yote. Tangu miaka ya 1850 walianza kutengeneza kioo cha glasi na kukipaka fedha nyembamba juu. Fedha ikififia unaiosha kwa dawa na kupaka nyingine, glasi chini haijaguswa, umbo liko palepale. Masaa machache badala ya vita. Ndiyo njia inayotumika hadi leo, ila sasa wanapaka alumini. Kule Sutherland, zaidi ya kilomita 350 kutoka Cape Town, kuna darubini inaitwa SALT iliyofunguliwa 2005, kioo chake kimeunganishwa kwa vipande 91 vya pembe sita. Vinatolewa kimoja kimoja, vinaoshwa, vinapakwa upya, vinarudishwa. Hata hiyo ilianza na picha zisizokaa sawa, ikabidi mafundi washushe mtambo wa juu unaonyoosha picha, waurekebishe, ndipo ikarudi kazini vizuri.

Pale Feldhausen kumebaki nguzo ya mawe, imesimama palepale darubini ilipokuwa. Sasa ni ndani ya uwanja wa shule ya msingi, watoto wanaipita wakienda break.

Wewe huhitaji kusafiri. Katikati ya mwezi wa tano, saa tatu usiku, geukia Namanga. Msalaba wa Kusini utakuwa umesimama mbele yako. Upande wa kulia wake, kwenye ule ukungu wa mwanga, ndiko iko Eta Carinae. Juu kidogo kushoto tafuta nyota moja hafifu isiyokaa kama nyota, ina ukungu. Hiyo ni Omega Centauri, mamilioni ya nyota wamekaa pamoja. Halafu geuka nyuma, kaskazini, kama mataa ya Nairobi yatakuruhusu. Huko ndiko anga ya mzee William, na sisi tulio karibu na ikweta tunaona zote mbili kutoka kwa plot moja.